Sinema za Mapishi na Sahani Tisa za Bodi

Jumamosi, 31 Mei 2014

Nimeona kitu leo! Lazima nikiandike kabla hakijapoa. Daftari hili la tarehe nilipewa na watu wa chama tangu Januari, na nimeandika ndani siku za ng'ombe kupandwa tu. Leo ng'ombe apishe.

Baada ya chakula cha mchana wasichana walibaki kwenye bwalo kwa burudani yao ya Jumamosi. Madam Lenah, yule mwalimu wa sayansi ya nyumbani, alileta projekta, akatundika shuka nyeupe ukutani. Mimi nilikuwa nimeingia kuokota sahani. Naapa, sahani tu! Rundo kifuani, naelekea mlangoni — halafu kwenye shuka nikaona sufuria. Sufuria kubwa, jiko la kuni, na nyanya mmoja Mchina anapunguza moto. Anavuta ukuni mmoja nje, kisha wa pili anauvuta nusu. Vile vile ninavyofanya mimi! Miaka kumi na tisa napika shule hii, na sikujua kuna mtu duniani ameona kazi hiyo inafaa kuwekwa kwenye sinema.

Nikasimama na rundo langu hadi mwisho. Mikono ilikufa ganzi. Huyo nyanya anauza supu karibu na reli. Moto wa sufuria yake haujazimika tangu siku ya arusi yake. Serikali inataka kupitisha barabara pale kwake. Basi majirani wanaibeba sufuria ikiwa inachemka, mti begani, watu wanne, na makaa yako kwenye karai chini yake! Wasichana walipiga makofi. Mimi nililia. Nyaga, mwenzangu wa jikoni, alikuja kunitafuta, akidhani nimeanguka mahali.

Jumapili, 1 Juni

Mchungaji alihubiri juu ya Martha na Mariamu. Kila mwaka Martha anakemewa. Hakuna anayeuliza Yesu alikula nini siku hiyo.

Sikusikia mahubiri vizuri. Nilikuwa kwenye supu. Baada ya ibada nikamshika Madam Lenah mkono, nikamuuliza kama ziko sinema nyingine za watu wanaopika. Alicheka. Akasema ziko tele, watu huandika hata orodha za zile nzuri. Nikamwambia aniandikie. Akafikiri natania.

Jumatatu, 2 Juni

Orodha ndiyo hii! Karatasi ya fulskepu, sinema kumi. Majina ni ya Kizungu, Kifaransa, Kichina — ulimi wangu hauyawezi. Kwa hivyo kando ya kila moja ameandika kwa Kiswahili. Namba nne: "Ndugu wawili Wahindi, hoteli moja." Namba saba: "Mpishi mkubwa, hoteli kubwa, hasira kubwa." Ile ya nyanya ni namba moja.

Nimeamua nitazipa alama mimi mwenyewe. Si kwa nyota, nyota za nini? Nitatoa miko, ile ya kukorogea. Miko mitano ndiyo juu kabisa. Nyanya wa Supu — miko mitano, bila mjadala.

Nimempigia dada yangu Muthoni, kule kwetu Kibugu. Alikuwa shambani anachuma chai. Nikamwambia atafute sinema hiyo. Akasema yeye hutazama zile zenye arusi tu. Nikamwambia hii ina sufuria iliyoolewa. Akakata simu!

Jumatano, 4 Juni

Leo nimejaribu!

Jikoni kwetu muthere hupikwa hivi: mahindi na maharagwe yachemke mpaka yalainike, chumvi, mafuta juu, basi. Ndivyo nilivyokuta mwaka wa tisini na tano. Lakini yule nyanya huchoma kitunguu kwenye makaa kwanza, mpaka ngozi iwe nyeusi, ndipo akitie. Nikachoma vitunguu kilo tatu. Nyaga akasema, "Mama Mwendwa, umeunguza." Nikamwambia nyamaza, hii ni ya namba moja. Nyaga ni mtu wa Kiambere, kule chini kwa Wambeere, na kwake hakuna kitu kitamu duniani ila mbuzi wa kwao. Nikakata vile vitunguu, nikavikaanga na karoti, ndipo muthere ikaingia.

Wasichana walirudi kuomba nyongeza. Muthere! Nyongeza! Mmoja wa kidato cha pili aliuliza kama tumeandika mpishi mpya. Ni mimi, mjinga wewe! Ni mimi huyu huyu.

Jumamosi, 7 Juni

Namba nne, nyumbani kwa Madam Lenah. Alikuwa yeye, mimi na Nyaga, laptopu juu ya stuli.

Ndugu wawili wameachiwa hoteli na baba yao. Mmoja hupika, mwingine hukaa kaunta na kuchana nywele. Wanagombana, wanaimba. Chapati zinarushwa mpaka darini. Nyaga alicheza hadi Madam akaogopea stuli. Jambo zuri nililopata: yule mpishi huonja. Kabla mlango haujafunguliwa, anaonja kila sufuria. Sisi tunajua chumvi kwa ngumi tu, hatuonji kamwe.

Miko mitatu. Ningetoa minne, lakini walipotoka kuimba kule mlimani, dakika kumi, hakuna aliyebaki kukoroga. Ile dengu iliungua, mimi najua. Walipoirudia ikawa nzuri. Uongo huo!

Jumanne, 10 Juni

Mwalimu mkuu alituita wapishi wote wanne: mimi, Nyaga, Celina na Kiende. Hakutukaribisha viti.

Bodi ya shule inataka kumpa kontrakta jiko letu. Kuna kampuni moja ya mjini, ina magari na kofia. Ijumaa ya tarehe 27 hao watapikia bodi. Ijumaa ya tarehe 4 Julai tutapika sisi. Bodi itakula, italinganisha, itaamua siku hiyo hiyo. Nyaga akauliza, na tukishindwa? Mwalimu mkuu akatazama dirishani, akasema shule itatuandikia barua nzuri.

Barua nzuri! Nina miaka arobaini na saba. Niliachia shule kidato cha pili. Mwendwa yuko chuo mwaka wa kwanza. Mume wangu ana viazi, na viazi mwaka huu vimepigwa na baridi. Celina alianza kulia pale pale ofisini.

Lakini acha niandike ukweli, maana hapa ninajisomea mwenyewe. Chini ya woga kulikuwa na furaha. Miaka kumi na tisa! Na hatimaye kuna watu watakaa chini, waonje, waseme.

Jumamosi, 14 Juni

NAMBA SABA!!

Sijui nianzie wapi. Hoteli ya Ulaya. Mpishi ana kofia ndefu, anawafokea vijana wake mpaka mishipa inamtoka. Halafu inakuja sahani. Nyeupe, pana. Katikati chakula kidogo tu, kama yai la kuku. Mchuzi umechorwa pembeni kwa kijiko. Anainama, anafuta ukingo wa sahani kwa kitambaa. Mteja ni mzee mmoja tajiri. Anaitazama sahani. Anakula. Anafunga macho! Na hoteli yote inanyamaza kumtazama.

Nilisimama. Nikasema, ndio hiyo! Hiyo ndiyo ya bodi! Kontrakta ataleta masinia kama ya kila arusi. Sisi tutaleta sahani ya namba saba. Madam Lenah alisema kitu juu ya watu wa huko kuletewa sahani kama kumi na mbili kwa mlo mmoja, sikumsikiliza vizuri, nilikuwa nimeshaanza kuchora.

Miko mitano. Hapana, sita.

Alhamisi, 19 Juni

Mazoezi. Mukimo wa viazi vilivyopondwa na minji, njegere zetu, nikaushindilia kwenye kikombe cha chai, nikaupindua. Ukasimama! Vipande vitatu vya nyama ya mbuzi. Minji nyingine nikaisaga na cream ya maziwa yetu, nikachora mstari wa kijani. Nikafuta ukingo.

Celina na Kiende walicheka wakashikana. Nyaga alizunguka sahani kama anakagua ng'ombe wa mnada. Akauliza, "Mama Mwendwa, na hii ni sample ama ni chakula?" Nikamwambia hana macho ya sinema. Akasema macho anayo, ni tumbo linalouliza.

Wivu. Tumeazima sahani tisa nyeupe za akina mama wa kanisa.

Jumapili, 22 Juni

Muthoni amepiga! Alimtuma mtu Embu mjini, wakamtilia Nyanya wa Supu kwenye flashi. Alitazama na shemeji Gichovi na majirani wawili. Shemeji, mtu mkavu yule, alitoka nje kuangalia mbwa — na mbwa walikuwa wamelala. Anataka nyingine. Nikamwambia namba nne atazame, azibe masikio wakiimba. Namba mbili asipoteze wakati: saa mbili nzima watu wanakula mezani, na hakuna hata mmoja aliyeosha sahani. Mwiko mmoja.

Ananiita profesa wa sinema. Nilicheka mpaka ndani. Sikumwambia habari ya bodi. Nitamwambia nikishinda.

Ijumaa, 27 Juni

Hao wamekuja. Watu sita, nguo nyeupe, glavu. Masinia yenye taa chini. Pilau, kuku, kachumbari, chapati zimekunjwa pembe tatu.

Nilichungulia kupitia dirisha la chumba cha walimu. Walipakua mpaka wali ukawa unadondoka mezani. Mzee Mutembei, mwenyekiti wa bodi, alirudia mara mbili, akalegeza mshipi. Mzee huyo ana miaka sabini na kitu, na watu hapa hawaanzi mkutano kabla hajakohoa. Leo alikuwa anacheka.

Kuku wao alikuwa mkavu. Sisemi kwa wivu. Haya, na wivu kidogo.

Jumatano, 2 Julai

Silali vizuri, sili vizuri. Furaha na woga vimelala kitanda kimoja. Mbuzi amefika kutoka Kiambere, ametumwa na mjomba wa Nyaga, Mzee Ndambiri. Nyaga anamsifu kama mchumba. Kesho kutwa!

Ijumaa, 4 Julai

Saa kumi. Niko stoo, nimekalia gunia la maharagwe. Bodi bado wako ndani. Siwezi kukaa bure, kwa hivyo naandika.

Saa sita na nusu waliketi kwenye chumba cha walimu, watu tisa. Sahani zilikuwa kama zimetoka kwenye ile laptopu. Mukimo umesimama. Mstari wa kijani umenyooka. Nyama inang'aa. Ukingo niliufuta mimi mwenyewe, sahani zote tisa. Nilibeba ya kwanza, nikaiweka mbele ya Mzee Mutembei, nikarudi nyuma hatua mbili. Nikangoja afunge macho.

Alichukua uma, akaonja. Akaitikia kwa kichwa kwamba ni nzuri. Halafu — akaisukuma sahani kwa mchungaji, naye ni wa bodi! "Mchungaji, onja na wewe, upitishe." Alidhani ni ya kuonja! Sahani moja, ya watu tisa!

Mchungaji naye akaonja, akapitisha. Ndipo Celina na Kiende walipoingia na zile nane. Kila mtu akawekewa yake. Na mzee akaelewa. Uso wake niliuona ukifungika kama mlango. Aliuliza kwa Kimeru, pole pole, kama kuna njaa imeingia hapa kwetu Ruiri na yeye hakuambiwa. Mama mmoja wa bodi akasema kwao hata mpita njia akiomba maji hupewa uji, na kikombe hujazwa. Mwalimu mkuu alinitazama jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe aliyeingia shamba la jirani.

Mimi! Mtoto wa Kibugu, niliyeolewa Ruiri. Huku mgeni akiona ukingo wa sahani amejua anaambiwa aende. Siku wazazi wa mume wangu walipokuja kwetu, mama alijaza sahani mpaka kijiko kikakosa pa kuingilia, na bado akaomba msamaha kwamba ni kidogo. Hayo yote nimeyajua tangu nizaliwe. Sinema moja tu ikanisahaulisha. Na sasa ndipo nilipokumbuka habari ya Madam Lenah ya sahani kumi na mbili. Yule tajiri aliletewa nyingine! Hawakuonyesha tu.

Ya kuongeza haikuwepo. Mukimo niliupima wa vikombe tisa. Nyama iliyobaki, yote, nilikuwa nimeitia kwenye muthere ya wasichana na vitunguu vyangu vya makaa, ili nao waijue siku hii.

Saa saba kengele ikalia. Wasichana wakapanga mstari kwenye kidirisha. Nilikimbilia pale, nikashika kopo la kugawia, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Kopo moja, msichana mmoja. Ndivyo tunavyopima asubuhi.

Kidogo mstari ukagawanyika. Wasichana wanapisha. Mzee Mutembei anakuja, na fimbo yake, na sahani nyeupe mkononi! Mzee wa rika lile, jikoni! Sijawahi kuona. Wazee huletewa chakula walipoketi, hawafuati. Nyuma yake mwalimu mkuu anakimbia bila kukimbia. Mzee akainyoosha sahani kupitia kidirishani, juu ya vichwa vya wasichana, akaniita binti kwa Kimeru. "Mwari, jaza. Na wenzangu wanakuja."

Nikatazama sufuria. Nikatazama mstari. Kidato cha kwanza chote bado, themanini na watatu. Kujazia wazee tisa jinsi wazee wanavyojaziwa, ni wasichana thelathini wakose. Hesabu hiyo haikunichukua hata pumzi moja, nimeifanya miaka kumi na tisa.

Nikasikia sauti yangu. "Mzee, nisamehe. Hiki kimepimwa, ni cha wasichana. Wakimaliza wote, kitakachobaki ni chako."

Nyaga aliangusha mfuniko. Mwalimu mkuu alifunga macho — na si kwa utamu.

Mzee alinitazama. Halafu akaichukua sahani yake, akageuka, akatembea mpaka mwisho wa mstari. Akasimama nyuma ya msichana wa mwisho wa kidato cha kwanza, kitoto kidogo ambacho hakikuthubutu hata kugeuka. Hakuna aliyecheka. Wale wengine wa bodi walisimama mlangoni wakimtazama, hakuna aliyemfuata. Nikagawa. Kopo, kopo, kopo. Mstari ule haujawahi kuwa mrefu hivyo.

Alipofika, kopo liligonga kitako cha sufuria. Nikachukua mwiko, nikamkwangulia ukoko na vipande viwili vya nyama vilivyokuwa vimeshikana nao. Alikula amesimama, ameegemea kidirisha. Akakwangua. Hakusema asante. Aliuliza tu, ni nani aliyechoma vitunguu. Nikasema ni mimi. Akarudisha sahani, akaenda. Tangu saa nane wamejifungia.

Celina analia kimya kimya. Kiende anaosha zile sahani tisa mara ya tatu. Madam Lenah amepita mara mbili bila sababu, ameshika vitabu juu chini.

—

Karani wa mwalimu mkuu amekuja. Nilifikiri analeta barua nzuri. Hana barua. Anasema bodi wana swali moja: wapishi hula nini, na hula saa ngapi? Niende nijibu mwenyewe.

Nyaga amenivuta kando. Anasema ni mtego! Ile kampuni imewaambia tunabeba chakula cha wanafunzi kwenye mifuko. Niseme hatuli kitu hapa, tunakula kwetu. Madam Lenah naye anasema hapana, ni swali la heshima, nijibu kwa kujiamini. Mimi sijui. Miaka kumi na tisa, hakuna aliyewahi kuuliza. Hata ile namba moja hakuna mahali nyanya anakula.

Tunakula ukoko. Ndio jibu. Wasichana wakimaliza, sisi wanne tunainamia sufuria, kila mtu na upande wake, saa tisa hivi. Haujaandikwa popote. Si wizi, si mshahara pia. Na leo hatujala. Nyaga hajala, Celina hajala, Kiende hajala. Chakula chetu cha leo, sisi wote wanne, amekula mwenyekiti, akiwa amesimama.

Hivyo ndivyo nitakavyosema.

Karani bado yuko mlangoni. Ananiambia nivue aproni kwanza, nisiingie kwa bodi hivi. Siivui.